Uso wa Yeftha

Siku Don Scipione Vernalli alipokwenda kumwambia binti yake kwamba anataka kuchorwa kama Abrahamu, alikwenda na mashahidi. Alifuatana na Monsinyori, msaidizi wa askofu, pamoja na waungwana wawili wa Napoli waliokuwa wamekula kwake mchana ule na bado wanajilamba. Wote wakaketi katika chumba cha wageni cha watawa wa Santa Dorotea, upande wao wa wavu wa chuma. Upande wa pili aliketi Mama Mkuu Eufrasia, ambaye kabla ya kunyolewa nywele aliitwa Laudomia. Hakuna mtu mle asiyejua kwamba ni binti wa mzee huyo.

Don Scipione alieleza kwa madaha. Kile kikanisa cha pembeni ndani ya kanisa la watawa, ambamo kaburi lake lilikuwa limekwishachongwa na jina lake kuandikwa juu ya jiwe, bado kilikuwa na ukuta mtupu. Amempata mchoraji, Aniello Sorvillo, mtu wa mkono mzuri. Picha itakuwa ya Abrahamu akimtoa Isaka sadaka: kisu juu, malaika anashuka, kondoo amenasa kichakani. Na Abrahamu atakuwa na uso wake yeye, Scipione.

"Maana katika Napoli nzima," alisema akiwageukia wenzake, "nani mwingine anajua alivyojisikia Abrahamu? Mimi mwanangu nilimtoa kwa mikono yangu. Huyu hapa. Mwulizeni."

Wale waungwana wakatikisa vichwa kwa heshima. Mmoja wao, mzee aliyekuwa kiziwi, alitikisa chake baada ya kuwaona wengine. Monsinyori alimtazama Mama Mkuu kupitia matundu ya chuma, akingoja.

"Upendavyo, baba," alisema Eufrasia.

Utawa ulikuwa umemfundisha kuuweka uso wake kama sahani iliyooshwa. Lakini walipoondoka alibaki ameketi palepale mpaka kengele ya sala ikalia, na siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu awe Mama Mkuu, alichelewa.

Mambo yalikuwa hivi. Mwaka ule Mlima wa moto ulio juu ya Napoli ulipopasuka, majivu yalinyesha mjini mpaka mchana ukageuka usiku, na watu ambao hawajawahi kupiga magoti walipiga. Don Scipione naye aliingia katika maandamano pekupeku, kamba shingoni, akifuata masalia ya mtakatifu. Mashamba yake ya mizabibu yalikuwa chini kabisa ya Mlima. Mbele ya umati, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, akaweka nadhiri: Mungu akiyanusuru mashamba yale, yeye atampa Mungu binti.

Alikuwa na mabinti wawili. Hakutaja yupi.

Laudomia alikuwa bado katika umri wa kucheka bila sababu. Kutwa nzima alikuwa ameshinda akiamini baba yake amekufa, na aliposikia sauti yake langoni aliwapita watumishi kwenye ngazi, akatoka mbio mpaka uani. Alimkuta amesimama mweupe pepe kwa majivu, toka nywele hadi vidole vya miguu, akamrukia shingoni. Mdogo wake Ippolita alikuwa amejifungia chumbani akilia kwa hofu. Don Scipione alimshika Laudomia mabega, akamtazama kitambo, akasema, "Basi ni wewe."

Binti hakuelewa. Akabusu mkono wake, akaenda kumchotea maji.

Na mashamba hayakunusurika. Kesho yake mto wa moto ulipita juu ya mizabibu yote na juu ya nyumba ya msimamizi, ukaenda kuzimikia baharini. Mtu mwingine angesema Mungu ameikataa nadhiri ile, mambo yakaisha. Lakini bila yale mashamba nyumba ya Vernalli isingeweza kuwatafutia mahari mabinti wawili, ile mali ambayo baba humpa binti aende nayo kwa mume. Ilitosha ya mmoja. Kwa hiyo Don Scipione akaitimiza nadhiri asiyodaiwa. Alimwambia Laudomia kwamba anakwenda kukaa na shangazi yake mtawa, mpaka majivu yasafishwe mjini. Majivu yakasafishwa. Ippolita akaolewa na mtoto wa bwana mkubwa wa Capua. Laudomia akanyolewa.

Habari za Yeftha alizisikia miaka mingi baadaye, katika chumba cha kulia. Watawa hula kimya huku mmoja wao akisoma Maandiko, na siku ile zamu ilimwangukia mtawa mwenye sauti ya puani, aliyekisoma Kitabu cha Waamuzi kana kwamba anataja bei za soko. Yeftha alikwenda vitani. Alimwahidi Mungu kwamba akishinda, atakayetoka mlangoni kumlaki atamtoa sadaka ya kuteketezwa. Akashinda, akarudi, na aliyetoka kumlaki kwa matari na kucheza alikuwa binti yake. Eufrasia aliacha kijiko katikati ya sahani. Alisikiliza mpaka mwisho, akimngoja malaika. Hakushuka malaika. Hakuna kondoo aliyenasa kichakani. Msomaji alifunga kitabu, jibini likapitishwa.

Tangu hapo alijua anachokitaka, ila hakujua atakipata vipi. Sasa baba yake mwenyewe alikuwa amemletea ukuta, mchoraji na uso.

Alimwita Aniello Sorvillo wiki hiyohiyo. Mchoraji alikuwa mjane mwenye kitambi, ananukia mafuta ya rangi, na alijisifu kabla hata hajaketi: uso wa Don Scipione umekamilika, mzee amekaa kitini kwake hata wote wawili wakachokana, bado mwili tu na wale wengine.

"Malaika mwondoe," alisema Eufrasia.

Aniello alicheka kidogo, akidhani ni mzaha wa watawa.

"Na kondoo pia. Yule mvulana mfanye msichana, anayekaribia kuolewa. Uso wa baba uache ulivyo. Usimpunguzie hata kunyanzi moja."

Mchoraji aliacha kucheka. Alikuwa amechora Maandiko maisha yake yote, hakuhitaji kuambiwa hao ni nani.

"Mama, yule mzee atanivunja mikono."

"Kanisa ni la nani?"

"Lenu."

"Na picha huidhinishwa na nani?"

"Na wewe, Mama. Na Monsinyori."

"Monsinyori hawezi kuyakataza Maandiko. Na yeye hampendi baba yangu, anapenda chakula chake tu."

Aniello hakuwa mjinga. Aliona jinsi vidole vya Mama Mkuu vilivyoushika wavu, akajua anazungumza na mtu mwenye njaa, na mwenye njaa haulizi bei mara mbili. Akaanza kueleza shida zake kwa sauti ya unyonge. Ana mabinti sita na hana mke. Mkubwa wao, Carmosina, ana mdomo ambao hakuna mwanamume atakayeuvumilia bila mahari ya kumfuta machozi. Kama Mama angempokea bure, hata miongoni mwa watawa wa jikoni, basi mkono wake Aniello usingetetemeka hata kidogo.

Eufrasia aliuliza kama msichana mwenyewe anataka.

"Atazoea, Mama."

Maneno hayo yeye aliyajua. Alikuwa ameyasikia baba yake akimwambia shangazi yake mlangoni, siku aliyoletwa. Hata hivyo hakumfukuza mchoraji. Alisema, "Mlete nimwone."

Carmosina alikuja na kucha zenye ukingo wa buluu, kwa sababu yeye ndiye aliyemsagia baba yake rangi. Aliketi mbele ya wavu, akaukagua kama mtu anayekagua kazi ya fundi asiyemwamini.

"Baba amekwambia?" Eufrasia aliuliza.

"Ameniambia nitakula keki za watawa mpaka nifutuke."

"Wewe unasemaje?"

"Mama Mkuu, mimi asubuhi nikifungua dirisha nagombana na muuza samaki. Halafu nagombana na mkewe. Halafu naenda kusaga rangi, roho yangu nyeupe kabisa. Hapa nitagombana na nani?"

Eufrasia alibana midomo asicheke. Msichana akasogea karibu na chuma, akashusha sauti.

"Sitaki. Nakwambia wewe, sikumwambia mwingine, kwa sababu watu wanasema na wewe hukutaka."

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia hayo usoni, si shangazi yake, si padri aliyemwungamisha, si mdogo wake. Kwa muda alihisi kama mtu aliyevuliwa shela hadharani. Angeweza kuyamaliza palepale kwa neno moja. Lakini aliufikiria ukuta, na uso wa baba yake tayari umekauka juu ya turubai, na kwamba mchoraji mwingine Don Scipione hatamkubali.

"Utazoea, mwanangu," alisema, akavuta kamba ya kengele mlango ufunguliwe.

Baadaye alijipa sababu. Watawa wa jikoni hula vizuri. Msichana mwenye mdomo kama ule angepata mume wa kumpiga. Yeye mwenyewe angemlinda. Sababu hazimkosi anayezitafuta, na kila usiku alipata mpya, na kila asubuhi ilibidi atafute nyingine.

Aniello alifanya kazi kutwa kucha tangu mavuno mpaka baada ya Noeli, na Carmosina ndiye aliyemkalia awe kielelezo cha binti wa Yeftha. Don Scipione alipotaka kuja kuona, mchoraji alimwambia picha isiyokwisha ikitazamwa na mwenyewe huingiwa na kijicho, na mzee, ambaye hakuogopa watu ila aliogopa kijicho, akakaa mbali.

Picha ilipopandishwa ukutani, Eufrasia aliagiza kanisa lifungwe adhuhuri, akashuka peke yake kupitia chumba cha mavazi ya misa.

Sehemu kubwa ilikuwa giza. Mwanga ulitoka upande mmoja tu, ukaangukia mkono ulioinuliwa, kisu, na uso wa Don Scipione. Aniello alikuwa ameuchora kwa kumpendeza mzee, wenye fahari na huzuni ya heshima, na humo ndimo ulimokuwa uovu wake: pale juu ya koo la msichana, ulikuwa uso wa mtu anayejua kwamba anatazamwa na watu. Vipande vyeupe vilielea hewani kama majivu. Carmosina alikuwa amelala chali juu ya mawe, koo wazi, mdomo wazi pia, kama mtu aliyekatizwa katikati ya neno.

Eufrasia alihisi furaha ikimpanda kutoka tumboni, kali kama siki. Alisimama akiinywa. Kisha akauona mkono mwingine. Ulikuwa umezikamata nywele za msichana na kuzivuta nyuma, ili koo likae sawa kwa kisu. Alikifuata kiwiko, akalifuata bega, akaukuta uso wa mwanamke aliyevaa kitambaa cheusi, mtulivu, asiye na hasira wala huruma. Ulikuwa uso wake.

Aniello alikuwa mlangoni, kofia mkononi.

"Huyu nani?" aliuliza Eufrasia, ingawa hapakuwa na haja.

"Ni kazi ya Carmosina, Mama. Mimi nilimweka mjakazi pale, mtu tu wa kumshika. Yeye akasema, baba, anayenishika si mjakazi, mimi namjua. Akaniambia macho hivi, midomo hivi. Mimi nimekuona mara kadhaa kupitia chuma na nisingeweza. Yeye alikuona mara moja." Akajikuna shingo. "Rangi bado mbichi. Ukisema nifute, nafuta sasa hivi."

Eufrasia aliitafuta hasira yake, ile ambayo haikuwahi kumpotea hata siku moja, nayo ikaja, lakini haikujua imwendee nani. Alitazama mkono ule katika nywele. Ulikuwa umechorwa vizuri.

"Usifute," alisema mwishowe. "Na mwanao akae kwako. Sina nafasi."

"Lakini Mama, tulipatana."

"Tulipatana vibaya. Na ukimpeleka kwa watawa wengine nitajua, Aniello. Siku hiyo Don Scipione ataambiwa kwamba wazo la Yeftha lilikuwa lako."

Mchoraji akasema, kwa uchungu wa mtu anayerudi kwenye mabinti sita, kwamba kumbe watu wa Mungu ni wakali kuliko walanguzi wa bandarini. Akakusanya brashi zake, akaenda zake.

Picha ilifunuliwa sikukuu ya Mtakatifu Dorotea. Don Scipione aliwaalika nusu ya waungwana wa mji, na Ippolita alikuja kutoka Capua na mumewe. Watawa walikuwa juu, nyuma ya wavu wa roshani ya waimbaji, kwa hiyo Eufrasia hakuona nyuso za wageni, aliona visogo tu. Alimwona baba yake akienda mbele kwa fimbo yake. Hakutaka mtu mwingine aishike kamba. Akaivuta yeye, pazia likaanguka.

Upepeo wa Ippolita ulikuwa unapepea, ukasimama. Kichwa kimoja kikainama kumnong'oneza kingine, na minong'ono ikaanza kutembea kutoka benchi hadi benchi, kwani hapakuwa na mtu wa makamo asiyeikumbuka nadhiri ile ya siku ya Mlima.

Ndipo yule muungwana kiziwi, aliyekuwa ameahidiwa Abrahamu na alikuwa bado anamtafuta, akauliza kwa sauti ya viziwi, "Kondoo yuko wapi? Scipione, kondoo wako mbona simwoni?"

Nyuma karibu na mlango, walikosimama watu wa mtaani, mwanamke mmoja akacheka, akafuatwa na wengine.

Misa ilipokwisha Don Scipione alikuja kwenye chumba cha wageni peke yake. Hakuketi.

"Iondoe."

"Ni Maandiko, baba. Waamuzi, mlango wa kumi na moja. Monsinyori ameipitisha."

"Watu wamenitambua."

"Ulitaka wakutambue."

"Nilitaka Abrahamu!"

"Abrahamu aliagizwa na Mungu. Wewe nani alikuagiza?"

Mzee akaupiga wavu kwa fimbo. Akamwita mwana asiye na shukrani. Akamuuliza angekuwa nani huko nje: mke wa mtu, meno yameoza, mimba zimeharibika, kama mdogo wake. Humu anaamuru watu, ana pete kidoleni, maaskofu wanamwamkia. Nadhiri ilisikiwa na mji mzima, je, alitaka baba yake avunje neno mbele ya Mungu na watu?

Eufrasia alimwacha mpaka pumzi ikamwishia.

"Mizabibu iliungua, baba," alisema. "Yote. Yeftha angalau alishinda vita yake. Wewe hukushinda kitu, hukudaiwa kitu, ukanitoa hivyohivyo, kwa sababu nilikuwa karibu na mlango."

Don Scipione aliegemea fimbo. Ghafla alionekana mzee, na Eufrasia alimtazama akizeeka bila kugeuza macho.

"Ulikuja mbio," mzee alisema, kama anayenung'unika. "Nani alikutuma uje mbio vile? Ungechelewa kidogo tu."

"Hayo nayo yameandikwa," alisema Eufrasia. "Yeftha naye alimlaumu binti yake."

Akainuka, akafunga kile kidirisha cha mbao nyuma ya wavu. Ilikuwa mara ya mwisho kuonana.

Don Scipione hakuweza kushitaki popote. Ili alalamike kwa kardinali ilimpasa aseme uso ule ni wa nani na kwa nini unamuuma. Mji haukuhitaji kuelezwa. Gari lake lilipopita sokoni, mtu nyuma ya vikapu vya kabichi alilia kama kondoo, na mwingine ng'ambo ya barabara akaitika. Alimpiga mtu mmoja fimbo. Kesho yake kondoo wakaongezeka. Akaacha kupita sokoni, kisha akaacha kutoka kabisa.

Santa Dorotea nayo ilibadilika kidogo. Kila msichana aliyeletwa, Mama Mkuu alimwita peke yake, mlango umefungwa, akamuuliza swali moja, na wengi walirudishwa nyumbani siku hiyohiyo na mizigo yao. Mababa wa mji walimchukia. Alikuwa akiyasikia majina waliyompachika, na hayakumkosesha usingizi.

Katika Kwaresima ya mwaka wa pili Ippolita alikuja, amevaa nguo nyeusi. Baba yao amefariki. Kabla ya kufa alisema yuko tayari kuzikwa katika kaburi lake mle kanisani, ila picha ifunikwe pazia na pazia lisiondolewe tena. Ippolita alieleza haya huku akilia, akaongeza kwamba jambo lenyewe ni kitambaa tu.

"Kaburi ni lake," alisema Eufrasia. "Mlango uko wazi. Picha itabaki wazi pia."

"Hujaridhika, dada? Amekufa akiwa hathubutu hata kutazama dirishani."

"Nimeridhika. Kila nikiamka naridhika tena."

Ippolita alijifuta macho, akamtazama kwa chuki ya kweli, ambayo ilimfanya afanane na baba yao.

"Na wewe umo mle. Unamshika nywele. Watu wote wameona."

"Wakikuuliza, waambie ndiyo, ni mimi."

Don Scipione akazikwa katika kanisa la Wadominiko, katika kaburi la kuazima la wakwe wa Ippolita, bila jiwe lenye jina. Lile kaburi lake zuri la Santa Dorotea lilibaki tupu. Siku ya maziko Ippolita alipita tena kwenye chumba cha wageni, si kwa hiari yake, ila mumewe alisema haifai kuacha. Alipokuwa tayari anainuka aliuliza, "Utamwombea, angalau?"

"Nitamwombea," alisema Eufrasia. "Ndiyo kazi mliyonipa."

Na alimwombea. Jioni ile aliingia mahali pake mbele ya watawa wenzake, akamtaja marehemu kwa jina lake lote na la baba yake, akasoma sala ya wafu toka mwanzo hadi mwisho, polepole, bila kuruka neno na bila chozi, kama mtu anayesugua chungu ambacho si chake. Kisha akafunga kitabu, akawaambia watawa wakale.